Moja ya Wilkister

Kwa machimbo ya mawe, huku nje ya Ruiru, mtu akipiga mluzi anapigwa. Mluzi ni wa Mzee Mbaluka peke yake, msimamizi wetu, na filimbi yake ya shingoni. Akiupiga, maana yake utambi unawashwa: tupa nyundo, kimbia ujifiche. Mimi nimefanya kila upuzi pale. Nimefunga watu kamba za viatu wakilala saa ya lanchi, nimetia chura kwa karai ya Wilkister anayetupikia. Lakini mluzi? Hapana. Hata mimi naogopa kufa.

Kazi yangu ilikuwa kupima mawe kabla lori halijapakiwa. Jioni narudi Kahawa Wendani, kwa chumba kile kile nilichokuwa nakaa nikisoma uinjinia. Masomo yaliishia mwaka wa pili. Kitu ya maana nilitoka nayo ni kompyuta ya mkono. Watu walidhani ni kalkuleta, lakini ilikuwa na herufi zote kama tapureta, ndogo ndogo, na skrini ya mstari mmoja. Unaiandikia programu mwenyewe hapo hapo. Na utamu wake ni huu: ukiizima leo, kesho ukiwasha unapata kila kitu vile uliacha.

Programu ya kwanza niliandika kwa ajili ya Kitheka. Huyu ndiye mtu wa baruti, na wakati huo alikuwa ameokoka, anatuhubiria mpaka kwa foleni ya githeri. Nikamwambia aandike jina lake. Mashine ikalia *piii*, ikaandika: KITHEKA JANA ULIONEKANA KWA MAMA PIMA. Yaani kwa muuza chang'aa.

Alirudi nyuma kama ameona nyoka. "Hiyo ni shetani ya betri!" Watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Tangu hiyo siku, nikimwambia kunanyesha anatoka nje kwanza kuangalia.

Programu ya pili niliombwa na Mzee Mbaluka. "Kijana, masikio yangu imechoka na baruti. Hiyo kitu yako inaweza kunihesabia milio?"

Inaweza. Naiandikia idadi ya mashimo, na kila shimo likilipuka nabonyeza. Hesabu ikifika idadi ya mashimo, inalia na kuandika SALAMA. Mzee anainua mkono, na Kitheka anashuka wa kwanza kukagua mawe kabla ya wengine.

Asubuhi moja Wilkister aliniletea chai, akataka kuona. "Hebu nibonyeze hiyo ya baruti."

"Bonyeza, mama."

Akabonyeza, ikaandika 1, akacheka kama mtoto. Nikaizima, nikairudisha mfukoni.

Siku hiyo Kitheka alitia baruti mashimo nane. Tulijificha nyuma ya lori bovu, mimi, Mzee na Wilkister na sufuria yake. Mzee akapiga mluzi. Kitheka akawasha tambi, akaja mbio, akajitupa kando yetu. Halafu ardhi ikaanza kuruka. Nikabonyeza. Nikabonyeza tena. Mlio wa mwisho ulipotoka, mashine ikasema *piii*. 8 SALAMA.

Mzee akainua mkono. Kitheka akajipangusa vumbi, akaanza kushuka akiimba pambio.

Wilkister alikuwa anachungulia skrini. "Asubuhi nilipobonyeza si iliandika moja?"

"Eeh."

"Sasa hiyo moja yangu ilienda wapi?"

Nikaangalia ile 8 tena. Haikuenda mahali. Mashine haisahau, si ndiyo nilikuwa najisifu nayo? Sikuirudisha sifuri, ikaanzia kwa moja yake, na sisi tukasikia saba. Kuna shimo moja limekaa kimya kule chini na utambi wake, na Kitheka anaimba akilifuata.

"Kitheka! Rudi! Kuna moja haijalipuka!"

Hata hakugeuka. "Mwambie mama pima nakuja!" Watu waliokuwa kwa lori zingine wakaangua kicheko.

"Si mchezo! Haki ya mama!"

"Mama yako namhurumia!"

Mzee alikuwa ameniangalia mdomo tu, hakusikia kitu. Filimbi ilikuwa kwa shingo yake, lakini ningemwelezaje? Kitheka alikuwa amefika kwa ukingo wa mwisho, anatafuta pa kukanyaga. Miguu yangu ilikataa kumfuata. Nasema ukweli, ilikataa.

Nikaangusha mashine, nikatia vidole mdomoni. Mdomo ulikuwa umekauka, upepo mtupu ukatoka. Nikalamba vidole, nikajaribu tena.

Mluzi ukatoka.

Kicheko kikakatika. Watu wote chini ya lori. Na Kitheka, sikuona hata alivyogeuka, nilimwona tu anapanda mwamba kwa mikono na miguu, viatu vinateleza, mpaka akatuangukia. Akatazama filimbi ya Mzee, haikuwa mdomoni. Akanitazama mimi, vidole bado vina mate. Akanishika kola.

"Wewe. Umepiga mluzi. *Mluzi*."

"Kitheka, ngoja kidogo, nakuomba..."

"Nitakuua hapa mbele ya watu." Akainua ngumi.

Nikafunga macho. Ndipo ardhi ikaruka mara ya nane.

Jiwe kubwa kama kiti likaja likagonga boneti ya lori. Changarawe ikanyesha kwa sufuria. Vumbi lilipotulia, kola yangu bado ilikuwa kwa mkono wake. Wilkister alikuwa anasema "Wuui, wuui," polepole.

Kitheka akaniachilia. Akaokota kompyuta kwa vumbi, akaishika kwa ncha za vidole. Bado ilikuwa imeandika SALAMA.

"Hii inazimwa wapi?"

Nikamwonyesha. Akaizima. Skrini ikawa tupu.

"Sasa imesahau?"

"Hapana," nikamwambia. "Bado inakumbuka."

Akaniwekea mkononi haraka, akaenda kukaa mbali nayo.