Kifua cha Kinyozi

Kila asubuhi, kabla hajachomeka mashine ukutani, kinyozi aliandika swali kwenye kona ya kioo kwa kalamu ya wino unaofutika. Pweza ana mioyo mingapi? Twiga analala saa ngapi kwa siku? Aliyepatia wa kwanza alichongwa ndevu bure, na aliyekosa alitaniwa mpaka anyanyuke kitini. Maswali yenyewe aliyapata kwenye simu, katika ukurasa mmoja uliomletea kila siku jambo la kushangaza, kichekesho, na taarifa kwamba leo ni siku ya nini duniani: siku ya nyuki, siku ya choo, siku ya kucheka. Mtaa uleule ulikuwa na kinyozi mwingine mwenye viti vya ngozi na feni, lakini watu walikuja kubanana kwenye benchi la huyu.

Siku hiyo ilikuwa siku ya saratani. Swali likasema: "Kweli au uongo: mwanamume hawezi kupata saratani ya titi." Kinyozi akalinakili bila kusoma jibu, kama kawaida yake, ili naye apate kubahatisha.

Wa kwanza kukaa kitini alikuwa Breki, dereva wa malori aliyestaafu, mtu mwenye shingo nene na maneno mengi kuliko nywele.

"Kweli tupu," akasema Breki huku akifungwa shuka shingoni. "Titi lenyewe sina. Hiyo saratani itapanga wapi?"

"Nani kakwambia huna?" mmoja akadakia kutoka kwenye benchi. "Wewe ukikimbia yanapiga makofi."

Benchi zima likaangua kicheko. Kinyozi naye akacheka, akampaka Breki povu, akaufungua wembe, akamnyoa shavu moja. Simu aliiegemeza kwenye chupa ya spiriti. Mkono wa kulia ukiwa umeshika wembe kooni kwa Breki, akaligusa jibu kwa kidole cha kushoto na kulisoma kwa ile sauti yake ya mtangazaji wa mpira:

"Uongo, ndugu wasikilizaji! Wanaume pia hupata, ingawa ni wachache. Dalili ya kawaida ni uvimbe mgumu nyuma ya chuchu, ambao mara nyingi hauumi. Chuchu huweza kuvutwa kuingia nda..."

Sauti ikamkatikia.

Alikuwa nao uvimbe kama huo. Upande wa kushoto. Aliugundua akijipaka sabuni, mvua za mwaka uliopita, akajiambia ni mkanda wa begi umemkaza. Baadaye akajiambia ni mafuta. Halafu akaacha kujiambia chochote, akawa anaosha upande huo haraka haraka, kama mtu anayepita nyumba yenye mbwa mkali.

"Fundi," akasema Breki taratibu, bila kusogeza kidevu, "mkono wako unatetemeka, na shingo mimi ninayo moja tu."

Kinyozi akauweka wembe mezani. Akasema tumbo linamsokota, chai ya asubuhi haikumkalia vizuri. Akamfuta Breki povu, akawaomba radhi waliokuwa kwenye benchi, akafunga mlango huku bado wanamuuliza amekula nini. Breki akabaki barabarani akijipapasa: shavu moja laini, jingine kama ufagio.

Si uvimbe peke yake uliomtisha. Ni baba yake. Kinyozi alipokuwa mtoto, baba yake alikaa miezi mingi chumba cha nyuma akiwa amefungwa kitambaa kifuani. Wakubwa walisema ni jipu. Jipu halikuiva wala halikupona. Watoto walikatazwa kuingia, lakini harufu haikukatazwa, ilitoka chini ya mlango na kuwakuta mezani. Baba alipofariki, mama alikichoma kile kitambaa, na neno jipu halikutamkwa tena nyumbani mwao. Miaka yote hiyo kinyozi hakuwahi kujiuliza. Sasa, akiwa amesimama juani na funguo mkononi, akajua.

Kituo cha afya kilikuwa nyuma ya soko. Tangu jana yake gari lenye vipaza sauti lilikuwa likizunguka kutangaza kwamba leo wanapima saratani bure. Kinyozi akafika getini, akapita. Akaenda mpaka duka la vioo, akajifanya anatazama fremu, akarudi, akapita tena. Mara ya tatu mwanamke mmoja mwenye utepe wa waridi kifuani akamwita.

"Baba, umemleta mama? Wanaume wanasubiri pale kivulini."

"Ni mimi."

"Wewe nani?"

"Mgonjwa. Mgonjwa ni mimi."

Mwanamke akamtazama, akamtazama kifuani, halafu akashika adabu na kutazama pembeni. Akampeleka kwenye benchi lililojaa kina mama. Minong'ono ikazimika kama redio iliyokatiwa umeme. Kinyozi alitamani ardhi ipasuke immeze. Hatimaye mama mmoja mnene aliyekuwa akifuma kofia ya mtoto akawasukuma wenzake kwa kiuno.

"Sogeeni, mwenzetu akae. Baba, usione haya. Hapa sote tumekuja kuvuliwa."

Wakacheka, na kicheko chenyewe hakikuwa cha kumsuta. Siku nyingine kinyozi angewajibu kwa kichekesho kikali zaidi. Safari hii alikaa ukingoni mwa benchi, akaanza kuhesabu mishono ya ile kofia.

Daktari alikuwa binti ambaye angeweza kumzaa, mchangamfu, mwenye mikono ya baridi. Alianza kwa utani, akisema wagonjwa wote wangenyamaza hivi angemaliza kazi mapema. Vidole vikapita kulia, vikapita katikati, vikafika kushoto. Vikasimama. Utani ukakoma. Kukoma huko ndiko kulikomtia kinyozi hofu kuliko maneno yoyote ambayo angeyasema. Vidole vikapanda mpaka kwapani, vikatafuta, vikasimama tena.

"Upo tangu lini huu?"

"Si wa siku nyingi," akadanganya, kisha akajirekebisha: "Tangu mwaka jana."

"Kwenu kuna mwanamke aliyewahi kuugua titi?"

"Mwanamke, hapana." Akautazama mlango. "Baba."

Daktari akavuta kiti, akakaa karibu naye. "Baba yangu, sitaki kukudanganya na sitaki kukutisha. Kwa vidole siwezi kujua ni nini. Ila huu haukai hapo bila kupimwa. Nakuandikia uende hospitali kubwa kesho, si wiki ijayo."

Nyumbani alimkuta mkewe uani akianua nguo. Mke wake alikuwa mshonaji, mwanamke asiyependa maneno ya kuzunguka, na aliposikia mlango akauliza bila kugeuka, "Leo umefunga mapema, umeme umekatika?"

"Nina uvimbe kwenye titi," kinyozi akasema.

Mke wake akacheka. Alicheka kwa moyo wote, shati la mumewe likiwa begani. "Haya, na jibu lake? Kweli au uongo? Leo umenitungia mimi?"

Kinyozi akamsogelea. Akauchukua mkono wa mkewe, akaupitisha chini ya shati, akauweka pale. Alimtazama usoni kadiri kicheko kilivyokuwa kinaondoka, polepole, kwanza machoni, midomo ikachelewa kidogo. Vidole vyake vilivyozoea kutafuta kifundo kwenye kitambaa viliupata uvimbe mara moja.

"Tangu lini?"

"Mwaka jana."

"Mwaka mzima umelala na fulana ukaniambia ni baridi!"

"Niliona nikikwambia ndipo itakuwa kweli."

Mke wake akautoa mkono. Akakunja shati, akalikunjua, akalikunja upya. "Ungekuwa mtoto wangu ningekuchapa," akasema, halafu akakaa chini palepale kwenye saruji, katikati ya nguo safi, akalia. Kinyozi akakaa kando yake. Akaanza kukunja nguo zile moja moja.

Hospitali kubwa wakampiga picha kwa kile kipimo cha wajawazito, na fundi wa kipimo akajikuta anasema kwa mazoea, "Usiogope mama," akaomba msamaha. Wakampiga ganzi, wakachomoa kipande kidogo cha nyama kwa sindano nene, wakamwambia arudi majibu yakiwa tayari.

Siku za kusubiri alifanya kazi, maana kukaa nyumbani kulikuwa kubaya zaidi. Lakini kioo alikiacha kitupu. Wateja waliuliza swali liko wapi, akasema simu imeharibika. Ilikuwa mfukoni, nzima. Ila alikuwa ameanza kuiogopa, kama inajua. Mteja akikohoa, alishtuka. Akiona nywele sakafuni, aliwaza dawa zile zinazong'oa nywele, na mashine akaisahau mkononi ikinguruma hewani. Breki alikuja kumaliziwa shavu lake. Safari hii hakusema mengi. Alipokuwa anaondoka akamshika kinyozi mkono kwa muda mrefu kupita kawaida ya kuagana, akasema tu, "Fundi, kama kuna la kubeba, mimi bado nina mgongo." Kinyozi akaitikia kwa kichwa, akageuka kusafisha chanuo lililokuwa safi.

Majibu waliyapokea wakiwa wawili. Daktari wa pale, mtu mzima mwenye miwani iliyoshuka puani, hakuzunguka.

"Ni saratani."

Kwenye ujia gari la chakula lilikuwa linasukumwa, gurudumu moja likilia. Kinyozi alilisikia gurudumu hilo mpaka likaisha kabisa. Aliona midomo ya daktari inakwenda. Mke wake ndiye aliyekuwa anauliza, kwa sauti ileile anayowaulizia wateja vipimo vya kiuno: imetambaa? Wapi? Kinafanyika nini, na lini?

"Imegusa tezi za kwapani. Kwingine hatujaona. Tunakata titi na tezi, kisha dawa. Wengi walioanzia hapa wanaendelea na maisha yao. Siwezi kukuahidi, lakini nakwambia ninachokiona."

Asubuhi ya upasuaji muuguzi akaja kitandani na beseni na wembe wa plastiki, ule wa kutupwa. Lazima kifua kinyolewe. Kinyozi alikuwa amejifunika shuka mpaka kidevuni tangu alfajiri. Alipouona ule wembe, kitu kikaamka ndani yake.

"Dada, huo hata manyoya ya tunda la pichi hauyanyoi. Utanichubua."

"Ndio tulio nao, baba."

"Basi nipe mwenyewe. Mimi ni kinyozi."

Muuguzi akasita, akampa, akamshikia kioo kidogo. Kinyozi akaloanisha ngozi, akapaka sabuni, akaivuta kwa vidole viwili kama alivyovuta mashavu ya watu maisha yake yote. Upande wa kulia ulikwenda vizuri. Upande wa kushoto, wembe ulipofika juu ya uvimbe, ukapanda kilima kidogo na kushuka. Mkono ukagoma. Machozi yakamtoka yakachanganyika na povu. Hakuwa ameutazama hata siku moja tangu uote, na sasa ulikuwa pale ndani ya kioo, mdogo, umeivuta chuchu kama kifungo kilichoshonwa vibaya.

"Naogopa, dada," akasema. Hakuwa ameyasema maneno hayo kwa mtu yeyote, hata kwa mkewe.

"Najua," akasema muuguzi. Hakumwambia asiogope. Akaweka kioo kitandani, akamshika kifundo cha mkono, na wembe ukaenda, wakamaliza pamoja.

Alizinduka na kiu na maumivu, na mke wake akamwambia yamekwisha, huku akimfuta midomo kwa pamba. Dawa zilizofuata zilimtapisha na kumng'oa nywele zote, hata nyusi. Alirudi kazini kichwa kikiwa kitupu kama yai, na benchi halikujua licheke au lisicheke, mpaka Breki alipouliza ni kinyozi gani aliyemharibu hivyo ili wakamshitaki.

Lakini daktari alikuwa amemwambia jambo moja zaidi: kwa vile baba aliugua hivyohivyo, ndugu wa damu nao wapimwe. Alikuwa na dada mmoja tu, mkubwa wake, mwuza mitumba katika mji wa jirani, mwanamke aliyeweza kugombana na lori. Akampigia.

"Lile jipu la baba ulifukue la nini?" dada akafoka. "Mambo ya wafu yaache."

"Halikuwa jipu, dada. Hata wewe unajua."

Simu ikakatwa. Baada ya hapo kimya, naye kinyozi akaogopa upya, hofu ya aina nyingine, ambayo hakuweza kuinyoa mwenyewe. Kisha asubuhi moja dada akatokea mlangoni na begi, bila salamu. "Twende kabla sijabadilisha mawazo," akasema.

Kwenye ujia wa hospitali dada aliitwa akasimama, akakaa, akasimama tena. Akamkabidhi kinyozi mkoba, kisha miwani, kisha, bila sababu yoyote, viatu. Akaingia peku. Kinyozi akakaa amevikumbatia, kama ndiye aliyevuliwa, na mke wake kando akisema kimoyomoyo sala zake, midomo ikicheza.

Mlango ulipofunguliwa dada alitoka akigombana na mtu wa ndani kuhusu ubaridi wa ile mashine. Hawakuona kitu. Arudi kila mwaka. Kinyozi mwenyewe alikuwa na tarehe yake ya kupimwa wiki ijayo, na alikuwa tayari anaihofia. Dada akaketi, akamnyang'anya kiatu kimoja, akajaribu kukivaa kwenye mguu usio wake. Mdogo wake akapiga magoti chini, akamvika.