Hayupo kwenye Vitendo

Miaka ishirini na miwili nimewapikia wanafunzi mia nne kwa kuni, na macho yangu yamekuwa mekundu mpaka mume wangu aliacha kuniuliza kama nimelia. Kwa hiyo majiko ya umeme yalipoletwa shuleni, nilifurahi kweli. Kisha mkuu wa shule akaniita.

"Mama Moto, jiko jipya ni la mwenye cheti. Kuna mafunzo ya siku tatu. Usipokipata, tutaweka mtu mwingine."

Nikaenda pamoja na mtunza stoo wetu, bwana ambaye hata chai huchemshiwa na mkewe.

Siku ya kwanza tulifundishwa maana ya nishati safi. Siku ya pili, umuhimu wa maana hiyo. Mkufunzi alituonyesha picha ya jiko ukutani, akatuambia tuichore. Nikauliza sufuria yangu ya lita mia itakaa wapi juu ya kitu kile. Akasema swali ni zuri sana, akaendelea.

Siku ya tatu ilikuwa ya vitendo, na mgeni rasmi angekula chakula kilichopikwa bila moshi. Saa nne mpishi wa ukumbi wa mafunzo akanichungulia mlangoni, jasho linamtiririka.

"Dada, nisaidie. Jiko linalia tu, halishiki moto."

Kumbe lilikuwa jiko la sumaku, linakataa sufuria za alumini. Nikatafuta za chuma, likakubali. Wali wa kwanza niliuunguza, wa pili ukaiva vizuri. Watu sitini wakala wakashiba.

Mgeni rasmi akasimama, kijiti mdomoni. "Wali huu ni ushahidi kwamba mafunzo yamefaulu!"

Tukapiga makofi. Mtunza stoo akaitwa kuchukua cheti. Mimi sikuitwa.

"Kwenye vitendo hukuwepo, mama," mkufunzi akasema, akinionyesha daftari la mahudhurio.

"Nilikuwa jikoni napika!"

"Ndiyo hivyo. Hukuwepo."

Nilitamani kumchapa na mwiko, wallahi.

Jumatatu nilikwenda shuleni kuchukua vitu vyangu. Cheti cha mtunza stoo kilikuwa kimetundikwa juu ya jiko. Mwenyewe alisimama chini yake na sufuria ya alumini iliyojaa maji baridi.

"Mama Moto," akaninong'oneza, "hivi hapa mtu anabonyeza wapi?"

Nikageuka niondoke. Dirishani nikawaona watoto wameshapanga foleni, sahani mkononi. Roho iliniuma. Nikajifunga aproni.

"Sogea," nikamwambia. "Na uandike kwenye daftari lako kwamba sipo."