Betri Nyepesi Mno

Kwa miaka miwili kazi yangu kwenye boti la umeme la baba mdogo Batholomeo ilikuwa kubeba betri. Zilikuwa nne, zile za maji, nzito kama mawe ya kusagia. Jioni nazipandisha kwa toroli hadi dukani zikachajiwe, asubuhi nazishusha. Tindikali ilinitobolea kanga tatu. Mkono wa mota niliishia kuutazama tu.

Kwa hiyo Halfani, fundi umeme wa Ipagala, alipotufikia hapa bwawani Mtera na betri mbili za lithiamu, nilikuwa wa kwanza kukimbia kumpokea. Alizishusha zote mwenyewe, moja kila mkono. Akatoa zile nne za zamani kule nyuma, akafunga nyaya mpya, fyuzi mpya, na paneli ya sola juu ya paa la boti.

Baba mdogo akatamka mbele ya abiria, "Zikivuka ng'ambo na kurudi, kuanzia leo Loisi ndiye anaendesha. Zikishindwa, fundi utaondoka nazo, na wewe Loisi, toroli lako lipo."

Akaenda kukaa mbele, mahali pake pa siku zote. Halfani akawasha. Mota ikalia kwa sauti nyembamba, nyuma kukawa povu tupu, boti likajisogeza kidogo likagoma. Mama mmoja muuza samaki akauliza kama ile ni betri au kopo la biskuti. Baba mdogo akasema alijua tangu mwanzo, kitu chepesi hivyo nguvu kitatoa wapi. Halfani akapima, umeme umejaa. Akaanza kufungua nyaya upya, jasho linamtoka.

Mimi nilikuwa majini, nimeshika kamba. Boti hilo nalisugua mimi, naujua ule mstari wa kijani ubavuni. Siku zote unakuwa sawa na maji. Leo, kwa nyuma, ulikuwa umepanda kiganja kizima. Nikainama. Pangaboi la mota lilikuwa linachungulia nje ya maji.

"Fundi, acha nyaya," nikamwambia. "Linakata upepo, siyo maji. Umetoa mzigo mkubwa huku nyuma."

Akatazama, akacheka peke yake. Akashauri turudishe zile nne za zamani, zikae tu kama mawe. Nikakataa kabla hajamaliza. Uzito mwingine nilikuwa nimeshauona.

"Baba mdogo, samahani, naomba uje ukae huku nyuma."

Akanigeukia. "Kwa hiyo mimi ndiyo betri?"

"Tatu, baba. Ya nne ni fundi."

Yule mama wa samaki alicheka mpaka akakaa chini. Baba mdogo naye tumbo likaanza kumtikisika, akaja. Nyuma kukazama taratibu, mstari wa kijani ukagusa maji. Nikapanda, Halfani akawasha, na boti likachomoka hata kofia ya baba mdogo ikabaki bwawani. Hakuna aliyeirudia. Tulivuka, tukageuza, tukarudi, upepo unanipiga usoni, na betri bado zilikuwa na chaji zaidi ya nusu.

Abiria walipoanza kupanda, Halfani alishuka. Baba mdogo hakunyanyuka. Alinisogezea mkono wa mota.

"Shika, mwanangu. Mimi nakaa. Naona ndiyo kazi niliyobakiwa nayo."