Swali la Kitanda cha Sita

Katika wodi yetu ya wanaume kulikuwa na swali lililokatazwa. Wauguzi waliamini kwamba ukimuuliza mtu kama anataka kujiua, unamtia wazo kichwani. Kwa hiyo tulipima presha, tukabadilisha bandeji, tukapiga stori za mvua. Mwaka jana nilipiga stori za mvua siku nne nzima na mvuvi mmoja wa Sindo, kisha nikamruhusu aende kwao. Wiki iliyofuata nilikwenda matangani kwake; alikuwa amejiua.

Niliporudi kazini, mimi Mellen, msimamizi wa wodi, nikaliandika swali hilo kwa mkono wangu kwenye kila fomu ya kumpokea mgonjwa. Mkubwa mmoja wa afya alinipigia simu kutoka Homa Bay akafoka kwamba sina idhini. Nikamwambia fomu ziko hapa, aje azichane mwenyewe. Hakuja.

Jumatano asubuhi sajini Gichana wa polisi akaingia na pingu. Alimtaka Zablon, mkulima wa Lambwe aliyekuwa kitanda cha sita baada ya kujaribu kujiua.

"Madam, huyu namfunga hapa kwa kitanda. Akipona tunaenda kortini."

"Afande, korti ilishasema kujaribu kujiua si makosa tena."

"Barua ya kutuambia hivyo haijafika kwa station yetu."

"Basi ingojee huko station. Hii wodi ni yangu."

Nilisimama kati yake na kitanda. Niliogopa, sitadanganya, lakini hasira ilizidi woga. Kisha nikampa mgongo, nikaketi, nikamshika Zablon mkono.

"Baba, bado unafikiria kujiua?"

Zablon aligeuza uso kunitazama.

"Ndio, sista. Hata leo asubuhi." Machozi yakamtoka. "Hakuna mtu amewahi kuniuliza."

"Si umesikia? Amekubali makosa!" sajini akadakia.

"Amesema penye anaumwa. Wewe ukisema kichwa inauma, nikufunge pingu?"

Mgonjwa wa kitanda cha tatu alicheka kwa sauti. Niliandika jibu la Zablon kwenye faili, nikampanga muuguzi Jeff akae naye zamu ile, na ya pili nikaichukua mimi. Sajini alisimama mlangoni kitambo, akizigeuzageuza pingu zake, halafu akaondoka bila kuaga.

Jumatatu alirudi. Zablon alikuwa nje juani, akinywa uji na kaka yake. Nikakunja mikono ya sweta, maneno makali yakiwa tayari mdomoni. Lakini Gichana hakuwa na pingu. Kofia alikuwa ameishika mkononi, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Sista," akasema polepole, "hilo swali lako ni ya wagonjwa peke yao?"

Maneno yangu makali nikayameza. Nilimwingiza ofisini, nikafunga mlango, nikavuta viti viwili, nikamuuliza vilevile nilivyomuuliza Zablon.