Alama za Mkono wa Domina

Jumanne saa moja asubuhi, Domina alikuwa uani kwao Kilosa akimnywesha mama yake, Agnesi, uji wa ulezi. Shuka la tatu tangu alfajiri lilikuwa limelowekwa kwenye beseni. Mama Agnesi alipokea kikombe, akakimwaga chote mapajani mwa bintiye, kisha akasimama.

"Naenda stesheni. Baba Rafaeli anarudi na treni."

Baba Rafaeli, mumewe, alikuwa amefariki miaka kumi na tisa iliyopita. Domina hakuwa amelala vizuri kwa wiki ya nne sasa. Alimkamata mama mkono wa kushoto, akauminya, akamkalisha kwa nguvu.

"Unaniumiza, dada."

"Mimi si dada, mama. Mimi Domina."

"Domina wangu hana roho mbaya hivyo."

Adhuhuri kaka yake, Rafaeli, alipiga simu kutoka Mikumi, alikofanya kazi ya mapokezi kwenye nyumba ya wageni.

"Leo umemshika mama?"

"Nimemshika."

"Mkono wa kushoto?"

"Huohuo."

"Ndiyo maana. Vidole vyako vitano viko hapa mkononi kwangu, vimevilia damu. Wateja wanauliza."

"Vinauma?"

"Vinauma."

"Basi njoo."

Irine, mdogo wao aliyeolewa Kidodi kwenye mashamba ya miwa, alituma picha ya mkono wake bila kuandika neno.

Walikuja Jumapili baada ya ibada. Irine alileta sukari, Rafaeli akaleta pampasi za watu wazima. Walilaza mikono mezani, wa mama katikati. Domina aliweka kiganja chake juu ya kila mmoja, na kila mahali vidole vyake vilienea sawasawa kwenye alama. Mama Agnesi aliitazama ile mikono kwa muda.

"Nani amewapiga watoto wa watu?" akauliza.

Irine alimfunga vizuri kitambaa cha kichwa.

"Mmoja wenu amchukue," Domina alisema. "Mwezi mmoja tu nilale. Nimefika mahali naiogopa mikono yangu mwenyewe."

Irine alisema pale kwake ni kwa mume, na mama mkwe yupo. Rafaeli alisema ana chumba kimoja na zamu hazieleweki. "Halafu wewe huna mume wala mtoto, Domina. Na mama amekuzoea."

"Hanijui hata jina."

Rafaeli alifikiri kwa makini, maana tangu utotoni yeye ndiye aliyekuwa akimaliza mambo ya nyumba ile.

"Usimshike mkononi," akasema mwishowe. "Ukizidiwa, mshike begani. Pale nguo inafunika."

Irine alikubali kwamba hilo lingesaidia. Wakala wali na mchicha, wakashusha mikono ya mashati, wakawahi basi la saa kumi.

Alhamisi Domina aliingia bafuni mara moja tu, na alipotoka kiti kilikuwa kitupu. Alikimbia kuulizia kwa majirani, sokoni, darajani. Alimkuta mama relini, mguu mmoja una ndala na mwingine uko peku unatoka damu, akitembea upesi kuelekea stesheni. Domina alimshika begani kwa nguvu zake zote, na hakulegeza. Simu ya ndugu zake haikulia, si wakati ule wala siku ile nzima.

Mama Agnesi aligeuka, akamtazama mwanamke aliyemshika. Akainamisha kichwa.

"Shikamoo," akamwambia binti yake.

"Marahaba," Domina akaitika, akamgeuza kuelekea nyumbani.