Makaburi ya Tolliver Yaliyobaki Ng'ambo

Mwaka wa mafuriko makubwa Mto Missouri ulihama. Uliacha njia yake ya zamani, ukakata mashamba ya mahindi, ukapita kati ya mji wetu wa Tolliver na makaburi yake. Sisi tukabaki jimbo la Nebraska, wafu wetu wakajikuta upande wa jimbo la Iowa. Daraja la karibu liko maili arobaini.

Lavonne Stroud alikuwa na mume kule, Everett. Kila Mei, siku ya kuwakumbuka marehemu, mwanawe alimpeleka kwa gari. Kisha kijana akahamia Omaha, macho ya mama nayo yakafifia. Ikapita miaka sita bila kwenda. Mwaka huu alikata maua ya peoni uani, akamwendea jirani yake, mzee Delbert Kukla.

"Delbert, una boti."

"Ina tundu."

"Si uzibe?"

"Na tukizama, bibi wewe?"

"Tutazama karibu na makaburi. Watu hawatapata taabu."

Delbert akaziba.

Siku ya kuvuka Lavonne alibeba na mundu, maana alitarajia magugu ya kufika kiunoni. Lakini walipopanda ukingo walikuta majani yamekatwa vizuri na mawe yote yamesimama wima. Mwanamke wa makamo alikuwa juu ya mashine ya kukatia majani. Akaizima.

"Nyinyi wa Tolliver?"

"Ndiyo," Lavonne akasema. "Nani amekutuma kazi hii, mwanangu?"

"Hakuna. Naitwa Ardis, shamba letu ni lile pale. Baba alianza mto ulipohama. Alisema hawa wametenganishwa na watu wao, si vizuri walale kwenye magugu. Alipofariki nikaendelea."

Lavonne aliweka peoni kwa Everett, akakaa naye kidogo, mkono juu ya jiwe. Kisha akayagawa maua yaliyobaki, nusu akampa Ardis.

"Mpelekee baba yako. Mwambie yametoka Tolliver."

Ardis akayapokea kwa mikono miwili. "Mama, miaka yote hii nawakatia majani, siwajui. Hawa ni akina nani?"

Lavonne akamshika mkono, wakaanza mstari wa kwanza: huyu alijenga duka, huyu alifundisha shule miaka thelathini, huyu aliiba ng'ombe akamrudisha mwenyewe kwa aibu.

Delbert aliita mara mbili kwamba upepo unaanza. Hawakumsikia. Walikuwa wamefika kwenye makaburi ya akina Pruitt, na hao peke yao ni habari ya saa nzima.