Baiskeli Juu ya Pikapu

Alipokuwa afisa mdogo wa usafiri, Bwana Mkakati aliwanyang'anya watu baiskeli, eti zinautia mji aibu. Hata ya dada yake, fundi cherehani, hakuisaza. Aliipakia kwenye lori huku dada mtu akiing'ang'ania kwa usukani. Baadaye akaleta barabara pana za magari, na mji ukajaa foleni na moshi.

Leo ni mkurugenzi, na amezindua "usafiri mahiri, rafiki wa mazingira". Kumbe ni baiskeli zilezile!

Dada yake alisimama pembeni akimtazama anavyomwaga sera. Wapiga picha wakamwomba mkurugenzi apande baiskeli. Bwana Mkakati akatoa macho, maana hakuwahi kujifunza. Utotoni dada ndiye aliyekuwa akimbeba nyuma. Wasaidizi wakanong'onezana, wakaifunga baiskeli juu ya pikapu, wakampandisha. Pikapu ikaondoka ikitema moshi mweusi, naye huko juu ananyonga kwa bidii, anapunga mkono.

"Nyonga, mdogo wangu, nyonga!" dada akapaza sauti huku akikohoa. "Hata leo unabebwa tu!"